Sindano ya Tano ya Ijumaa

Siku Mzee Mapunda aliponishauri nikadanganye zahanati kwamba nasafiri, ili nipewe chupa zangu za sindano nikae nazo nyumbani, nilipaswa kukataa. Akili zangu zilikuwa timamu, nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, na hakuna aliyenishikia panga. Nilimjibu, "Sawa, mzee. Kesho naenda." Kesho yake nikaenda kweli.

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye leo amekaa kwenye benchi la zahanati, kadi mkononi, akimtazama nesi kwa jicho la pembeni. Mimi nilikuwa mtu huyo. Sasa ni mzee, kifua changu kilipona zamani, na sina sababu tena ya kujificha.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, wakati kila mtu alikuwa ndugu na sukari ilipatikana kwa foleni. Niliishi Temeke na mke wangu Somoe, mtu wa Lindi kama mimi, na binti yetu Hadija aliyekuwa na miaka sita. Nilikuwa msaidizi wa mkaguzi wa mizani na vipimo. Kazi yangu ilikuwa kuingia madukani na vipimo vya shaba vya serikali, kumimina mafuta ya taa ya muuza duka kwenye kipimo changu, na kuona yamepungua kiasi gani. Nimewahi kukuta kipimo cha lita kilichogongwa kitako kikaingia ndani. Nimekuta jiwe la mizani lililochimbwa tumbo na kuzibwa kwa nta. Kazi ile ilinizoesha kumwona kila anayemimina kitu kuwa ni mwizi ambaye bado hajakamatwa.

Nilianza kukohoa mwishoni mwa kipupwe. Kwanza nililaumu vumbi la maghala. Kisha likaja joto la jioni, na asubuhi nikawa naamka shuka limelowa kama limetoka kufuliwa. Somoe alitoboa mkanda wangu tundu jipya kwa msumari wa moto, baada ya wiki tatu akatoboa jingine. "Mume wangu," aliniambia, "nikitoboa la tatu utaweza kuufunga mara mbili, ncha inayobaki iwe kilemba." Tulicheka, nikakohoa, na kwenye leso kukawa na damu. Hakuna aliyecheka tena siku ile.

Sikutaka majirani wa Temeke wajue. Kifua kikuu kilikuwa ugonjwa wa kunong'onwa, na mtu akishaonekana kwenye dirisha la wagonjwa wa kifua, watoto wake hawachezi tena na wa wenzake. Kwa hiyo nilikwenda kujiandikisha mbali, kwenye zahanati moja ya Kinondoni. Nilipewa vidonge vya kumeza kila siku na sindano ya kuchomwa Jumatatu mpaka Ijumaa.

Nyumbani tukabadilisha maisha. Nilihamia chumba cha mbele peke yangu. Nikawa na sahani yangu, kikombe changu na kopo la makohozi lenye kifuniko, ambalo Somoe aliliosha kwa maji ya moto kila siku bila kukunja uso. Hadija alizuiwa kunipanda mapajani. Alikuwa anasimama mlangoni ananisimulia habari za shule kwa sauti kubwa, kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Pale zahanati tulikuwa tunangoja kwenye mabenchi mawili ya mbao chini ya bati. Jirani yangu wa benchi alikuwa Selemani, mchukuzi wa mizigo wa soko la Tandale, mtu aliyebaki mifupa na maneno.

"Ndugu mkaguzi," aliniambia asubuhi moja, "leo umekuja na mizani? Nipime mbavu. Mke wangu anadai moja haipo, nami nasema zote ziko, ila zimejificha."

"Zipo nyingi mno, zinahesabika toka barabarani."

"Basi waandikie wauza nyama wasije wakanifuata."

Selemani ndiye aliyeniwekea nafasi kila nilipochelewa. Mama mmoja wa Magomeni alikuwa akileta chungwa, analimenya polepole na kutugawia vipande. Mambo madogo, lakini mtu anayechomwa sindano miezi kwa miezi huishi kwa mambo hayo. Baada ya sindano midomo yangu ilikuwa inakufa ganzi kama nimetafuna karafuu, na makalio yalikaza mpaka nikawa nakaa upande upande. Selemani aliniita Bwana Jahazi Limelala.

Mchomaji wetu alikuwa Nesi Zuhura, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, mwenye mikono myepesi. Dawa ilikuja ikiwa unga mweupe ndani ya kichupa, gramu tano. Kila mgonjwa alikuwa na kichupa chake chenye jina lake kwenye kipande cha plasta. Jumatatu Nesi Zuhura alitia maji humo, akatikisa, akavuta kipimo cha siku hiyo, kisha kichupa kikarudi kwenye jokofu kungoja kesho. Kichupa kimoja, wiki moja.

Nilikuwa nakaa mkabala na dirisha la chumba cha sindano, na macho yangu hayakujua kupumzika. Wiki ya kwanza nilitazama tu. Wiki ya pili nilihesabu. Jumatatu aliingiza maji mililita kumi na sita. Kila siku alivuta mililita nne. Nne Jumatatu, nne Jumanne, nne Jumatano, nne Alhamisi. Kumi na sita zimekwisha. Ijumaa alivuta tena nne, akanichoma.

Nilirudi kwenye benchi. Selemani aliniuliza kama imeuma. Nilikuwa nafanya hesabu upya kwenye ganda la sigara. Ikiwa ameweka kumi na sita na kutoa ishirini, basi kuna nne zimetoka mahali pengine. Nami nilijua mahali pengine ni wapi, kwa sababu nilishawakuta wauza mafuta wanafanya vivyo hivyo. Anavuta dawa ya kweli pembeni, anaongeza maji. Sindano yangu ya Ijumaa ni maji matupu, na gramu yangu iko sokoni.

Ijumaa iliyofuata nilimuuliza mbele ya watu.

"Nesi, samahani. Hii ya tano inatoka wapi?"

"Inatoka chupani, ndugu yangu. Ulitaka itoke kisimani?"

"Chupani umetia kumi na sita. Nne mara nne ni kumi na sita."

Aliniangalia. "Unga nao unachukua nafasi. Ukishayeyuka, maji yanaongezeka."

"Nesi, mimi nimesoma. Nikitia sukari kwenye chai, kikombe hakifuriki."

"Basi nenda kanywe chai. Anayefuata!"

Benchi zima likacheka, na Selemani ndiye aliyecheka zaidi. Mtu wa vipimo kuchekwa kwa jambo la kipimo! Nilitembea mpaka kituo cha basi masikio yanawaka moto. Sikujiuliza hata mara moja kama mwanamke yule, aliyekuwa akichanganya chupa zile kila wiki kwa miaka, anaweza kuwa anajua kitu ambacho mimi sikijui. Wala sikufikiri kwamba kijiko cha sukari ndani ya kikombe kizima ni kitu kimoja, na gramu tano za unga ndani ya maji ya kufunika kitako cha chupa ni kitu kingine. Hesabu ya kuzidisha na kugawanya niliijua vizuri. Kujua kinachogawanywa sikujua.

Mzee Mapunda alikuwa jirani yetu wa nyumba ya tatu, mtu wa Songea, aliyekuwa mfunga vidonda jeshini enzi za mkoloni. Bado alikuwa na bomba lake la sindano la kioo na sindano mbili za chuma ndani ya kijaluba cha bati. Ni yeye pekee mtaani niliyemwambia ugonjwa wangu. Nilipomweleza habari ya Ijumaa, alitikisa kichwa.

"Hao wanakunywesha maji, mwanangu. Siku hizi kila mtu mlanguzi. Waambie unasafiri kwenu, wakupe chupa zako na barua. Uje nikuchome mimi hapa, wewe mwenyewe ukitazama."

"Na kuchanganya?"

"Hesabu utafanya wewe msomi. Mie kazi yangu kudunga."

Wakati ule mgonjwa aliyesafiri alipewa dawa zake na barua ya kuonyesha zahanati ya huko aendako. Nilimwambia Nesi Zuhura kwamba mama yangu ni mgonjwa sana Lindi na nitakaa miezi miwili. Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki. Nesi alinipa pole, akafunga chupa nane kwenye pamba, moja moja, kama mayai, akahesabu vidonge vya kutosha, akasema, "Mwambie mchomaji wa kule maji ni kumi na sita. Usisahau." Nikamwitikia huku nikimwona anavyojua kuigiza.

Nilichanganya kwa hesabu yangu. Gramu tano, siku tano. Nikitia maji mililita kumi, basi kila mililita mbili ni gramu moja. Sindano ndogo, maumivu kidogo, hesabu safi. Mzee Mapunda alichemsha bomba lake kwenye sufuria, mimi nikasoma mistari, Somoe akashika taa karibu kwa kuwa chumba cha mbele kilikuwa na giza hata mchana. Kichupa tulikiweka kwenye bakuli pembeni ya mtungi wa maji, kipate baridi.

Ijumaa ya kwanza, baada ya sindano ya tano, nilikiinua kichupa kwenye mwanga. Nilitegemea kukiona kitupu. Kilikuwa bado na dawa. Tulivuta: mililita nne. Sindano mbili nzima.

Mtu mwenye shaka ya kweli angejiuliza: nimeweka kumi, nimetoa kumi, hizi nne ni za nani? Ni swali lile lile nililomuuliza nesi. Lakini shaka yangu ilikuwa na adui wake tayari, haikugeuka kunitazama mimi. Nilimwambia Mzee Mapunda, "Umeona? Kila chupa ina ziada. Hiki ndicho wanachokula wale!" Mzee akapiga kofi. "Si nilikwambia?"

Tulisherehekea kwa chai ya tangawizi. Somoe, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa.

Alikuwa anakohoa tangu mwanzo wa mvua za masika. Alikuwa akigeukia ukutani na kujifunika khanga mdomoni ili nisisikie, lakini mtu mwenye kikohozi hujua kikohozi. Alikuwa amekonda mabegani. Siku ile aliniambia, "Baba Hadija, nipeleke na mimi kwa yule nesi wako nikapimwe."

"Kwa wale wezi? Na mimi walishaniandikia kwamba niko Lindi?"

"Niende peke yangu basi. Sitakutaja."

"Dawa ipo hapa, Somoe. Dawa ya kweli, siyo maji. Mbili zimebaki, na wiki ijayo zitabaki mbili tena."

Alinitazama, akamtazama mzee, na kesho yake akalala kifudifudi kitandani mwangu. Mzee Mapunda alimchoma moja Jumamosi na moja Jumapili. Tulifanya hivyo wiki nane. Vidonge havikuwepo vya kumtosha, kwa hiyo hakumeza. Kwa wiki chache kikohozi chake kilipungua, akaanza kuimba tena akipepeta mchele, na mimi nikajiona mwanaume aliyeiponya nyumba yake kwa akili yake.

Mwishoni mwa masika chupa zikaisha. Nilirudi Kinondoni. Selemani hakuwepo kwenye benchi. Niliogopa kuuliza, lakini mama wa machungwa akaniambia amemaliza dawa zake, amerudi sokoni, anabeba magunia madogo. Nilifurahi, na hapo hapo nikaona wivu. Picha ya kifua changu ilikuwa karibu sawa na ya mwanzo. Nesi Zuhura aliniomba barua yenye mhuri wa zahanati ya Lindi. Sikuwa nayo.

"Nani alikuwa anakuchoma?"

"Mtu."

"Alitia maji kiasi gani?"

"Kumi. Nilipiga hesabu mwenyewe."

Hakunigombeza. Aliniingiza chumba cha sindano, akafunga mlango, akachukua kichupa kipya chenye jina langu. Alivuta maji kumi na sita, akanionyesha mstari, nikaukubali. Akayaingiza, akatikisa mpaka unga ukapotea. Kisha akavuta yote yaliyokuwa ndani, kidogo kidogo, akiyamwaga kwenye kipimo cha kioo kilichochemshwa.

"Soma wewe, ndugu mkaguzi."

Niliinama mpaka jicho likawa sawa na mstari, kama nilivyofundishwa kazini. Ishirini.

"Soma tena."

"Ishirini."

"Nilikwambia unga unachukua nafasi. Ulipotia kumi ulipata kumi na nne, ukavuta mbili mbili. Hukupata gramu, ulipata chini ya robo tatu. Wadudu wako umewazoesha dawa, ndugu. Umewaonjesha." Akaanza kuirudisha dawa kwenye kichupa. Kisha akasita. "Na zilizobaki? Kila chupa ilibaki nne. Ulizipeleka wapi?"

Kulikuwa na mlango uliofungwa na watu wawili tu chumbani. Hakuna ambaye angenicheka. Ilitosha kutaja jina la Somoe.

"Nilimwaga," nikasema.

Aliendelea kunitazama kidogo, halafu akaniambia nigeuke anichome. Mililita nne. Nilibahatika. Walinibadilishia vidonge, sindano zikaanza kuhesabiwa upya, na polepole joto la jioni likaniacha. Kipupwe kilipoisha nilirudi kwenye tundu la kwanza la mkanda.

Somoe hakuwa na bahati hiyo. Nilimwambia asubiri, kwanza mambo yangu yakae sawa, nisije nikaonekana mwongo mara mbili. Niliita kusubiri huko busara. Kikohozi kikarudi kwa nguvu kuliko kwanza. Hadija, sasa akiwa hana ruhusa ya kumkaribia mzazi yeyote, alikuwa analala kwa jirani. Mvua za vuli zilipoanza, Somoe alitapika damu kwenye beseni la vyombo, ndipo nikampeleka Kinondoni.

Nesi Zuhura alifungua kadi mpya. "Dada, umewahi kuchomwa sindano hizi hata mara moja?"

Somoe aligeuka akaniangalia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja niseme. Nilitazama sakafu, na yeye akamjibu nesi, "Sijawahi."

Wakamwanzishia dawa kama mgonjwa mpya, na sindano zile zile ambazo wadudu wake walishaonjeshwa mara mbili kwa wiki. Tulikaa pamoja kwenye benchi kila asubuhi, mimi nikimalizia zangu, yeye akianza zake. Mimi niliongezeka uzito, yeye akapungua. Mama wa machungwa alimwachia chungwa zima, na Somoe alikuwa akilinusa tu. Nesi alianza kukunja uso kila anapoandika kwenye kadi yake. "Sielewi," aliniambia siku moja kiangazi kikiwa kikali. "Anachomwa kila siku mbele yangu, na haishiki."

Mimi nilielewa. Nilikaa na kuelewa huko mwezi mzima kabla sijafungua mdomo. Nilipomweleza, Nesi Zuhura aliweka kalamu chini.

"Ungeniambia siku ile ya kipimo," alisema, "ningemwandikia nyingine tangu mwanzo."

"Sasa je?"

"Sasa tutajaribu."

Walijaribu kweli. Walimpeleka hospitali kubwa, wakapata dawa nyingine iliyomtapisha, akaimeza hivyo hivyo. Jioni moja wodini nilimwomba msamaha. Alikuwa anapumua kwa vipande. Aliniambia, "Baba Hadija, wewe humwamini mtu. Hata mimi hukuniamini niliposema sitakutaja." Kisha akaniuliza kama Hadija ameshonewa sare ya shule. Nikasema ameshonewa. Hilo lilikuwa kweli.

Kwako uliye kwenye benchi sina maneno mengi. Muulize nesi, hata ukichekwa. Ukishajibiwa, muombe akuonyeshe. Wengi wakipata nafasi wataonyesha. Na kama umefanya kosa, litaje kabla halijamfika mtu mwingine.

Mzee Mapunda hakunilazimisha. Alinishauri, nikakubali, nikaongeza uongo wangu juu yake. Mimi nilipona. Somoe alifariki masika yaliyofuata, mwaka mmoja tangu sindano yake ya kwanza katika chumba changu cha mbele. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Hadija alilelewa na mama yake mdogo huko Lindi, na mpaka leo ananisalimu kwa heshima zote, lakini hajawahi kulala nyumbani kwangu.